Sare ni ya Nyumba

Inspekta Tupokigwe aliurudia ujumbe ule wa sauti, na safari hii alijilazimisha kuusikiliza kama askari.

"Mama, ni mie Munira. Usilie. Wananiuliza nilimpaje ishara yule kaka. Mie sikumpa ishara yoyote, mama, wallahi. Wamesema ikifika alasiri sijasema, basi..." Hapo ulisikika mlango ukifunguliwa, kisha sauti ikarudi ikiwa ndogo zaidi. "Nisamehe kama niliwahi kukukosea."

Ujumbe ulikuwa umeingia asubuhi ile ile, na namba iliyoutuma haikupatikana tena. Bi Chausiku, mama yake Munira, aliichukua simu yake kutoka mkononi mwa Inspekta, akaiweka juu ya mkeka na kuifunika kwa ncha ya khanga. Nyumba yake ya Temeke ilikuwa imejaa majirani.

"Afande, wewe ni mtu mzima, usinifiche," alisema. "Mwanangu kaiba?"

"Sijui, mama."

"Basi kajue. Kama kaiba, nitakwenda mie mwenyewe kuwapigia magoti hao watu. Kama hajaiba..." Alimshika Inspekta mkono. "Kajue kabla ya alasiri, mwanangu."

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Munira alikuwa mgawaji wa karata katika nyumba moja ya kamari huko Mbweni, nyumba isiyo na kibao wala kibali, ambamo watu wenye uwezo huenda mchana kuwakimbia wake zao, au akili zao. Mezani pake alizoea kukaa Lusungu, muuza vipuri vya pikipiki wa Manzese. Lusungu alianza kushinda, akaendelea kushinda, mpaka mwenye nyumba akaacha kumchekea. Juzi alfajiri wauza samaki wa Kunduchi walimkuta Lusungu kwenye mchanga, uso umevimba hautambuliki. Mpaka sasa alikuwa wodini, hajitambui. Siku hiyo hiyo Munira alitoka kwao kwenda kazini, na kazini hakufika.

Tupokigwe alitoka nje akiwa na hofu. Hakujidanganya. Alikuwa amewahi kufika mahali akiwa amechelewa, na alijua panavyonuka.

Koplo Augustine alikuwa ameshawasha gari. "Afande, tukavamie. Tumkamate huyo Brightson mwenye nyumba, tumweke ndani, atatapika kila kitu."

"Akitapika baada ya alasiri itatusaidia nini? Hatujui binti kafichwa wapi. Anayemlinda akisikia tu bosi wake kakamatwa, anafuta ushahidi. Na ushahidi ni Munira."

"Sasa Mbweni tunakwenda kufanya nini?"

"Kucheza karata."

Augustine aliondoa mkono kwenye gia, akingoja maelezo. Alikuwa kijana msikivu, na hilo ndilo lililomponya na maneno mengi ya Inspekta.

"Aliyemshika Munira anaamini jambo moja," alieleza Tupokigwe. "Kwamba mchezo wao haushindiki, kwa hiyo aliyeshinda kaiba, na aliyeiba kasaidiwa na mgawaji. Nikimwonyesha kwamba unashindika bila wizi, hana tena cha kumuuliza binti wa watu. Itabidi asimamishe anachotaka kufanya, na hawezi kusimamisha bila kupiga simu. Hapo nitamjua."

"Na kama kweli haushindiki?"

Tupokigwe alifunga mkanda. "Endesha," alisema.

*

Nyumba ilikuwa mpya, na ukuta wake ulikuwa mrefu kuliko ulivyohitajika kuzuia wezi. Augustine alibaki barabarani na gari. Ndani ya geti, chini ya kibanda cha bati, walinzi watatu walikuwa wamezunguka ndoo iliyogeuzwa meza. Mkubwa wao, mzee mwenye kofia ya mkono, alibamiza karata juu ya ndoo kwa mshindo na kucheka.

"Saba ya turufu! Leteni huku!"

"Shikamoo, mzee wangu," alisema Tupokigwe.

"Marahaba, mwanangu. Karibu." Alijitambulisha kuwa Mbwana, mlinzi wa getini. "Simu unaiacha kwenye kapu. Humu haingii simu ya mgeni, ndiyo sheria yao. Utanisamehe."

Kumkabidhi mlinzi wa kamari simu ya polisi si jambo linaloandikwa kwenye ripoti. Tupokigwe aliitumbukiza kapuni. Geti lilifungwa nyuma yake, kitasa kikalia mara mbili, na alijua kwamba kuanzia pale hakuwa na njia ya kumwita Augustine ila kwa kupiga kelele.

Chumba cha kuchezea kilikuwa baridi, mapazia mazito yameteremshwa. Hakikuwa na saa ukutani. Brightson mwenyewe, mtu wa mwili mkubwa na shati la maua, alikuja kumpokea akiwa amenyoosha mikono yote miwili. Nyuma yake alisimama mwanamke mwembamba, amevaa suti ya kijivu, mkoba begani.

"Huyu ni Clara, meneja wangu," alisema Brightson. "Mchezo huu aliuleta yeye, kaufanyia kazi nje ya nchi miaka. Karibu, afande. Chai? Kahawa?"

"Munira yuko wapi?"

"Aaa, afande! Hata hatujakaa?" Brightson alicheka, kisha akaacha. "Mie sijui aliko. Ila nikisema nasikitika nitakuwa mwongo. Mtu akiniibia, afande wangu, simwachii Mungu peke yake."

"Na Lusungu hukumwachia Mungu?"

"Dar ina wahuni wengi."

Alilisema kwa upole, na upole huo ulimtisha Tupokigwe kuliko ngumi mezani. Akavuta kiti kwenye meza ya kijani.

"Nifundisheni huu mchezo," alisema.

Clara alikwenda upande wa mgawaji. Alichana pakiti sita mpya mbele ya mgeni, akazichanganya, akazilaza ndani ya sanduku jeusi lenye mdomo ambao karata hutokea moja moja. Vidole vyake vilikuwa vyepesi, na sauti yake ilikuwa ya mwalimu wa darasa la kwanza.

"Ni ishirini na moja. Unapata karata mbili, nami mbili. Unavuta nyingine mpaka uridhike. Ukizidi ishirini na moja, umekwisha. Ree ni moja au kumi na moja, utakavyo. Mizungu, zile karata za picha, yote ni kumi kumi."

"Hiyo hata watoto wa Kinondoni wanaijua."

"Lakini kwingine mgawaji huficha karata yake moja. Hapa zangu zote mbili ziko wazi. Unaziona kabla hujaamua. Na mie sina hiari. Nikiwa na kumi na sita kushuka chini, lazima nivute. Nikifika kumi na saba, lazima nisimame."

Tupokigwe alimtazama, kisha akamtazama Brightson. "Sasa hapo nitashindwaje? Naona mkono wako wote!"

"Kila mtu husemaga hivyo," alisema Brightson. "Ndiyo maana wanakuja."

"Tukilingana?"

"Sare ni ya nyumba," alisema Clara, akagawa.

Walicheza bila fedha, kwa sarafu za plastiki. Tupokigwe alipata kumi na tisa, Clara kumi na tisa: sare, nyumba ikachukua. Akapata ishirini, Clara naye akavuta mpaka ishirini: nyumba. Kisha akapata kumi na nane, na mbele ya Clara zikalala karata mbili zenye jumla ya kumi na tisa.

"Kumi na nane ni nzuri," alisema Tupokigwe.

"Ni nzuri kama hujaona kumi na tisa yangu."

Hapo ndipo alipouelewa mtego. Mezani kwingine mtu angesimama na kumi na nane yake akaomba Mungu. Hapa alikuwa ameshaona kwamba kashindwa, kwa hiyo ilimbidi avute, na kuvuta juu ya kumi na nane ni kujichimbia kaburi. Alivuta. Ikaja tano. Brightson alizoa sarafu zake huku akitabasamu, na baada ya muda sarafu za Inspekta zilikuwa zimepungua taratibu, bila ya kuwepo hata mkono mmoja ambao angeweza kusema ameonewa.

"Mtu hodari anaweza kukaa hapa siku nzima akapoteza kidogo tu," alisema Clara. "Lakini atapoteza. Sare zinatosha kulipa mishahara yetu. Ndiyo maana nilimwambia Bwana Brightson hapa hapa alipokaa: mchezo huu haushindiki."

"Saa ngapi sasa?"

"Saa nane imepita," alijibu Clara, bila kuangalia saa ya mkononi mwake.

Kama yule mwanamke alikuwa anasema kweli, basi Munira alikuwa mwizi, na Inspekta mzima amekuja Mbweni kuwathibitishia waliomfunga.

*

"Nionyesheni mikono ya Munira," alisema.

Kamera ilikuwa juu ya meza, na Brightson alikuwa na picha zake kwenye kompyuta. Walizitazama wote watatu. Munira alionekana amejifunga mtandio, anagawa, anakusanya, anagawa. Lusungu alikaa mbele yake, mdogo, amekunja mabega, hamtazami usoni hata mara moja. Alikuwa anatazama karata tu.

"Angalia anavyojishika sikio," alisema Brightson. "Hapo! Ishara hiyo."

"Ishara ya nini?"

"Ya karata, afande. Ya nini tena?"

"Karata ipi? Zake mbili ziko wazi mezani, hata mpishi akipita anaziona. Iliyofichika ni ile inayofuata ndani ya sanduku, na hiyo Munira mwenyewe haioni. Angempa ishara ya kitu asichokijua?"

Brightson aliirudisha picha nyuma, akaitazama tena.

"Angeweza kuchezea sanduku," alisema Clara haraka. "Kuchomoa ya pili badala ya ya kwanza. Nimewahi kuona watu wakifanya hivyo."

"Wewe ndiye mwalimu wake. Tazama vidole. Kachomoa ya pili?"

Clara aliinama karibu na kioo. "Hapana," alisema hatimaye. "Hapa hapana. Lakini Lusungu alishinda, afande. Ameshinda siku baada ya siku. Karata haziwezi kumpenda mtu kiasi hicho."

Tupokigwe alikubaliana naye. Kama mikono ilikuwa safi na ishara haikuwa na kazi, basi ushindi haukutoka kwa Munira wala haukutoka kwa Mungu. Ulitoka ndani ya sanduku.

"Karata za siku zile ziko wapi?"

"Nimezifungia," alisema Brightson. "Tulizichunguza moja moja kwa taa. Clara alidhani zina alama mgongoni. Hazina."

"Zilete."

Zikaletwa pamoja na sanduku lake. Clara alizichanganya, akaanza kugawa, na mchezo uleule ukaanza kwenda namna nyingine. Clara alipata kumi na nne, ikambidi avute, ikaja tisa: amezidi. Alipata kumi na tatu, akavuta, ikaja kumi: amezidi. Tupokigwe, kila alipoona mgawaji ana jumla mbaya, alisimama na zake hata kama zilikuwa takataka. Na alipokuwa na kumi au kumi na moja aliongeza dau maradufu, akapewa karata moja, mara nyingi ikawa kubwa. Sarafu zikamrudia. Brightson aliacha kutabasamu.

"Bahati," alisema.

"Inawezekana. Kushinda mara moja si ushahidi, hata mlevi huvuka Barabara ya Morogoro akafika salama." Tupokigwe alilifunua sanduku. "Mlitazama migongo. Nani alitazama nyuso?"

Alizimwaga zote mbele yao.

"Zitengeni. Mbili na mbili wenzake, tatu na tatu wenzake. Mpaka ree. Zirundikeni hapa mezani kwa mstari."

"Afande, sie si watoto wa..."

"Bwana Brightson, tenga karata!"

Alijishangaa mwenyewe kwa sauti ile. Brightson alishika karata. Wakawa wanatenga, watu wazima watatu, vidole vikigongana juu ya kitambaa cha kijani. Huko nje mtu alikuwa amefungwa mahali, na huku ndani wao wanapanga karata. Tupokigwe alitaka kuzikumba zile karata zote kwa mkono mmoja. Alijizuia. Clara alikuwa anatenga kwa kasi kuliko wote. Tupokigwe akadhani anaihofia kazi yake itakayopotea.

Marundo yalipokamilika hakukuwa na haja ya kuhesabu. Rundo la tatu, la nne, la tano, la sita, yote yalikuwa mafupi. Mizungu nayo ilikuwa imepungua. Lakini katikati yalisimama marundo matatu marefu, yamewapita wenzao kwa kimo ambacho hata kipofu angekipapasa akakijua: la nane, la tisa na la kumi.

"Mungu wangu," alisema Brightson.

"Clara, ukiwa na kumi na nne unafanya nini?"

"Navuta." Sauti yake ilikuwa imepungua. "Lazima nivute."

"Nane ikija?"

"Nazidi."

"Tisa? Kumi?"

"Nazidi. Zote nazidi." Alikuwa anayatazama marundo. "Nikiwa na kumi na tano, na kumi na sita, ni vilevile. Na mchezaji ameshaniona nina kumi na nne. Hana haja ya kubahatisha. Anakaa tu, ananingoja nijiue."

"Basi Lusungu hakuona ishara ya mtu. Alikaa hapa akitazama karata mpaka akagundua kwamba nane na tisa na kumi zinatoka kupita kiasi. Hakuiba. Alitumia macho, kama mlivyomkaribisha atumie."

"Lakini zimeingiaje?" Brightson alipiga meza, rundo moja likamwagika. "Nani kaniwekea? Ni yeye, huyo msichana! Alizileta kutoka kwao!"

Hilo ndilo Tupokigwe alilokuwa analiogopa. Nusu ya ukweli ingemuua Munira vizuri tu, pengine upesi zaidi.

"Muite mzee Mbwana," alisema. "Aje na karata zake."

Mbwana aliingia amevua kofia, pakiti ya karata imelala kiganjani. Mgongo wa karata zile ulikuwa na maua mekundu yale yale yaliyokuwa mezani.

"Mzee wangu, mlikuwa mnacheza nini pale getini?"

"Albastini, mwanangu. Tunapitisha muda tu. Sie hatucheziagi pesa."

"Karata mmezipata wapi?"

"Dada Clara hutupatia zilizotumika kidogo mezani. Zikilowa jasho tunamwomba nyingine."

"Nitafutie nane humo."

Mzee alimtazama kwa huruma, kama mtu aliyeulizwa swali na mgeni wa bara. "Albastini haina nane, mwanangu. Nane, tisa na kumi zinatolewa kabla ya kugawa. Hata mtoto wa pwani anajua."

"Na mkishazitoa mnazipeleka wapi? Mnatupa?"

"Haaa, tutupe tena!" Mbwana alishtuka kweli. "Dada alituapisha. Karata ya nyumba haitoki nje ya nyumba, hata moja, wasije wezi wakaziokota wakaingia nazo mezani. Sie tunazirudisha palepale kabatini. Kila pakiti nyingine tunayopewa, zake tunarudisha. Mie mwenyewe ndiye ninayezirudisha. Nimekosea?"

Tupokigwe alimgeukia Clara.

"Pakiti mpya zilichelewa bandarini," alisema Clara polepole, akizungumza na marundo. "Zilizokuwa sandukuni nyingi zilikuwa zimepinda kona. Nikazitoa. Nikajaza kwa zilizokuwa kabatini. Zilikuwa safi. Mgongo ule ule, nyuso sikuzitazama." Akaligusa rundo la nane. "Nilijaza mimi."

"Munira alijua?"

"Hapana. Wagawaji hawagusi kabati. Ufunguo ninao mie."

"Kikulacho ki nguoni mwako," alinong'ona mzee Mbwana, kisha akaona aibu kwa kulisema, akarudi nyuma mpaka mlangoni.

Ndipo adhana ilipoanza. Ilitoka msikitini upande wa pili wa barabara, ikapenya ukuta na mapazia, na Tupokigwe, Mkristo wa Tukuyu aliyekulia katikati ya misikiti ya Manzese, aliitambua kabla neno la kwanza halijaisha. Alasiri.

Alimgeukia Brightson. Simu yake kubwa ilikuwa juu ya meza, hatua moja kutoka mkononi. Chukua, alimwambia kimoyomoyo. Chukua upige.

Brightson hakuichukua. Aliokota nane moja, akaigeuza, akaanza kucheka kicheko kibaya cha mtu aliyefilisiwa na walinzi wake mwenyewe. "Albastini!" alisema. "Clara, umesikia? Albastini!" Akafuta machozi kwa mgongo wa mkono, wala hakuitazama simu.

Mtu huyu hakuwa na cha kusimamisha. Ama hakuwahi kumshika Munira, ama Munira hakuwepo tena wa kuokolewa. Na yeye alikuwa ameliweka dau lake lote kwa Brightson. Adhana iliendelea. Alimkumbuka Bi Chausiku na khanga yake, akaona kwamba hatakuwa na uso wa kurudi Temeke.

Kisha akasikia zipu ya mkoba nyuma yake.

Clara alikuwa amegeukia pazia, simu sikioni, mkono mwingine umeng'ang'ania ukingo wa meza. Yeye hakuwa mgeni; kapu la getini halikumhusu.

"Clara," alisema Brightson, kicheko kimemkauka. "Unampigia nani?"

Simu ya upande wa pili iliita. Tupokigwe alisogea mpaka akawa karibu kiasi cha kuusikia mlio, wala hakuthubutu kumgusa, maana angemshtua tu simu ingekatika. Iliita tena. Muadhini alikuwa anamalizia. Iliita tena, na Clara alianza kusema "pokea, pokea, pokea," kwa pumzi tu, bila sauti.

Ikapokelewa. Sauti nzito ya mwanamume ilisema jambo fupi.

"Mwache!" alisema Clara. "Nimesema mwache, weka chini hicho. Hakuiba. Hapana, hajasema kitu, mie ndiye niliyekosea." Alisikiliza, akajishikilia pazia. Tupokigwe alisikia, nyuma ya sauti ya yule mwanamume, mtu mwingine akikohoa. Kilikuwa kikohozi cha mwanamke.

"Mpe maji," alisema Clara. Sasa alikuwa analia. "Kidogo kidogo, usimmiminie. Hajanywa tangu juzi."